Nati 20 za titaniamu, betri za volti 9 na bekingi soda: shajara ya mradi

Siku ya 1

Haya, nimeanza rasmi. Nina nati 20 za magurudumu za titaniamu, zile zilizozibwa juu kama kofia, bado zina kijivu chao cha asili, na nataka ziwe bluu. Bluu nzito, sio ile ya anga. Na zifanane zote 20, hapo ndo kazi ilipo, maana zikikaa tano tano kwenye ringi jicho linaikamata haraka sana ile moja iliyowakataa wenzake. Pia kuna boliti 4 za pleti namba, na washa 10 za kwenye fenda (zile pete bapa zinazokaa chini ya kichwa cha boliti) ambazo nitajifunzia kwanza, zikiharibika silii.

Sina pawasaplai ya maabara na sitaki kuitafuta kwa kazi ya wikiendi mbili. Vitu vyote vya nyumbani: betri za volti 9 (za mraba, zenye vichwa viwili juu), bekingi soda, kopo la plastiki, foili ya jikoni, waya mbili zenye klipu za meno, sabuni ya vyombo, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, glavu za mpira, miwani. Multimita, kile kipimo cha volti, ninayo toka zamani. Kitu pekee kisicho cha nyumbani ni kipande cha waya wa titaniamu, na mpaka sasa sijui kama nitauhitaji.

Mdogo wangu kapita kaona vitu vimetandazwa mezani, kauliza "kaka, unapaka rangi gani?" Ikabidi nimweleze kwamba hapa hakuna rangi inayopakwa. Umeme unailazimisha oksijeni iliyo kwenye maji ishikane na uso wa chuma, inatokea ngozi nyembamba ya oksidi, na hiyo ngozi yenyewe haina rangi, inapitisha mwanga kama kioo. Mwanga mmoja unadunda juu ya ngozi, mwingine unapenya unaenda kudunda chini kwenye chuma, ikikutana tena kuna rangi zinauana na kuna rangi zinaongezeana nguvu. Umeshaona tone la dizeli juu ya dimbwi la maji linavyotoa rangi za upinde wa mvua? Ndo hiyo hiyo. Unene wa ngozi unafuata volti, kila volti inaongeza kama nanomita 2 hivi, kwa hiyo volti 28 ni nanomita 50 na kitu. Unywele wa kichwani uko kwenye nanomita 70,000. Na kinachochekesha ni kwamba oksidi hiyo hiyo ikiwa unga ndo inayofanya rangi nyeupe ya ukuta iwe nyeupe.

Akaniambia basi nifanyie moja nyekundu. Nyekundu haipo. Nyeusi pia haipo. Huu mchezo unakupa rangi ulizopewa na mwanga, hauchagui kama dukani.

Siku ya 2

Kopo lina maji nusu lita na kijiko kikubwa cha bekingi soda, nimekoroga mpaka imeyeyuka. Foili nimeizungushia ndani ya kopo kama ukuta, huo ndo upande wa hasi. Kitu cha titaniamu kinakaa katikati upande wa chanya, na HAVIGUSANI, vikigusana ni shoti. Ukigeuza waya, chanya kwenye foili, hupati kitu.

Kabla sijasahau: usitumie chumvi ya mezani kwa vile tu iko karibu. Chumvi ina kloridi, ukiipitishia umeme unaanza kutengeneza gesi ya klorini, na hiyo sio harufu ya kuvuta. Hata kwa bekingi soda nimefungua dirisha, maana upande wa foili unatoa haidrojeni, kwa hiyo hakuna sigara wala kiberiti karibu.

Washa ya kwanza. Betri 3 nimeziunga mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, multimita inasoma 28.5 (betri mpya inakuwa juu kidogo ya 9). Nikaing'ata na klipu, nikazamisha yote, washa na klipu yake. Mapovu yakatoka mengi nikafurahi. Dakika moja, dakika mbili, washa haibadiliki, imekuwa na ka-njano tu kama meno ya mvutaji, afu maji yanaanza kuwa kijani-bluu. Kumbe klipu ndo inaliwa! Umeme unapita njia rahisi, klipu ni shaba iliyopakwa tu juu, yenyewe inayeyuka kwenye maji na titaniamu inaambulia makombo. Nimemwaga, nimeanza upya, na waya wa titaniamu ukapata kazi siku ya kwanza tu. Kinachoingia majini ni titaniamu peke yake, klipu inabaki juu hewani inashika waya.

Safari hii nimezamisha na sikuwahi hata kuhesabu kumi. Washa imepita njano, ikawa kahawia, ikawa zambarau, ikatua kwenye bluu, yote hayo ndani ya pumzi moja. Nimerudia na nyingine nione tena tu.

Siku ya 2, usiku

Bluu ya mchana niliifurahia mapema. Imekauka, nimeileta chini ya taa, kuna alama ya kidole gumba. Sio doa, ni kidole gumba kizima, mistari yote inahesabika, katikati pana kile kizunguzungu, pembeni kuna kovu langu la kisu. Imechorwa kwa zambarau ndani ya bluu. Nilishika washa baada ya kuisafisha kwa asetoni, sekunde mbili tu, kuiweka kwenye waya. Mafuta ya ngozi yanatosha kuuzuia umeme sehemu hiyo usijenge unene uleule.

Hii washa naitunza.

Siku ya 3

Leo ni usafi tu, na kupanda ngazi ya volti.

Utaratibu niliofikia: sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, suuza, asetoni, suuza tena, na kuanzia hapo mkono mtupu haugusi. Kipimo cha kujua kama pamesafika ni maji yenyewe, ukimwagia juu yake yakatandaa kama shuka bila kukatika, safi. Yakikusanyika matone matone kama kwenye gari lililopigwa nta, bado kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Nimerudi kwenye sabuni mara tatu kwa washa moja. Inaudhi lakini ndo hivyo.

Afu nikazipiga washa kila moja na idadi yake ya betri. Betri 1, njano hafifu sana, ukiambiwa ndo unaiona. Betri 2, kahawia inayokimbilia zambarau. 3 bluu nzito, hii ndo yangu. 4 (volti 38) bluu ya anga, nzuri ila sio ninayoitaka. 5 imepauka, kama fedha yenye njano kidogo, hii nisingeipendekezea mtu. 6, volti 57, dhahabu. Dhahabu kweli, mpaka mdogo wangu karudi kuangalia. Ukiendelea juu zaidi kuna waridi, zambarau ya mara ya pili, na kijani iko huko kwenye volti 100 na kitu.

Kijani sitaifuata. Kwenye betri 6 ndo nimepigwa. Glavu ya kushoto ilikuwa na tundu dogo kwenye kidole cha shahada, sikuliona, nikaugusa waya ulio na maji wakati saketi imeunganishwa huku mkono wa pili umeshika ukingo wa kopo. Sio kwamba nilianguka, ila mkono uliruka wenyewe mpaka kwenye kiwiko na kopo likamwagika nusu. Watu wanaona betri ndogo ya mraba wanadhani ni mchezo, moja ni mchezo, ukizipanga kumi na mbili umejitengenezea volti mia na zaidi za DC (umeme unaoenda upande mmoja tu, kama wa betri) na mikono yako ina maji ya soda. Kuanzia leo kuna swichi kwenye waya wa chanya, naizima kabla ya kugusa chochote, na mkono mmoja unakaa nyuma. Na kuna wanaotaka kuchukua umeme wa ukutani wapitishe kwenye daiodi nne, vile vipande vinavyoruhusu umeme upande mmoja tu, waseme wameshapata DC. Hapana jamani. Huko hakuna "mkono umeruka", huko unaganda.

Kingine cha leo: washa ya tisa ilikataa kabisa. Titaniamu ukiizamisha mapovu yanakuja kwa nguvu afu yanapungua yenyewe, maana ngozi ikishafika unene wa volti hizo inaziba njia ya umeme. Hii mapovu hayakupungua, dakika nzima yanachemka tu na rangi hamna. Nikaleta sumaku, ikanata. Chuma cha kawaida, imeingizwa kwenye pakiti ya titaniamu na nilikuwa sijaipima. Nimekagua zote zilizobaki kwa sumaku na kwa uzito. Sumaku peke yake haitoshi, kuna stenlesi zisizonata, lakini titaniamu ina uzito kama nusu na ka-ziada tu ya chuma, ukishika mbili za saizi moja mkononi unajua. Nati zangu zimepita zote, nashukuru.

Siku ya 6

Nati zimeanza. Waya wa titaniamu nimeukunja kama springi ndogo, nausukumia ndani ya tundu la nati unabana kwenye nyuzi. Kwa hiyo ile sehemu ya mguso, ambayo huwa haipati rangi, inabaki ndani kwenye nyuzi haionekani. Tundu linatazama juu, kichwa cha nati kinatazama chini, klipu hewani.

Ya 1, bluu. Ya 2, bluu. Ya 3 imetoka na viduara viwili vidogo vya kahawia kwenye uso wa kichwa, ni mapovu yalinasa chini yake, hayana pa kutokea kwa sababu uso ni bapa unaangalia chini. Nimeirudisha, nikawa naiinamisha na kuitikisa kila baada ya muda, viduara vikajaa vikapotea.

Ya 4 bluu, ya 5 bluu yenye zambarau kidogo. Ya 6 zambarau. Ya 7 kahawia.

Siku ya 6, jioni

Nimekaa na hii kitu saa tatu nzima. Kwanza nikasema betri zimechoka, multimita inasoma 27.9, hazijachoka. Nikasema basi soda imechoka, nikatengeneza maji mapya, nati ya 8 ikatoka kahawia vilevile. Nikasema foili, maana kweli imechakaa ina matundu, nikaitoa nikaweka vijiko viwili vya stenlesi upande wa hasi, ya 9 kahawia. Nikabadilisha waya wa klipu. Nikaisafisha nati ya 9 kwa asetoni mara ya pili kama vile ni kosa lake.

Jibu lilikuwa mbele ya macho, waya wa kuning'inizia ulikuwa BLUU. Wenyewe ni titaniamu, kila ukiingia majini nao unaota ngozi, na ngozi hiyo haipitishi umeme vizuri. Nati ya kwanza waya ulikuwa mtupu, mguso safi. Kila nikiuchomoa na kuusukumia kwenye nati nyingine unagusa kwa sehemu nyingine ambayo imeshavaa ngozi, volti zinapotelea hapo hapo kwenye mguso, zinazofika kwenye nati ni 22, ni 18, ni 15, na nati inaniambia ukweli kwa rangi yake huku multimita kwenye betri inaniambia 27.9. Wote wawili wako sahihi.

Nimepitisha msasa kwenye ncha za waya mpaka ukarudi kijivu, nikachukua ile ya 9 ya kahawia, nikazamisha. Bluu. Sekunde nne.

Na hapa ndo nimeupenda huu mchezo, iliyotoka chini unaweza kuipandisha tu, huna haja ya kufuta. Kahawia inapita zambarau inafika bluu, inaendelea ilipoishia. Kurudi nyuma ndo hakuna. Ya 5 mpaka ya 9 zote nimezipandisha ndani ya robo saa, msasa kwenye waya kila nati, bila kuruka hata moja.

Siku ya 7

Ya 10 mpaka ya 16 hazina stori. Sabuni, asetoni, maji, msasa kwenye waya, zamisha, inamisha, tikisa, swichi zima, toa, suuza. Msasa, zamisha. Nimeweka redio.

Ya 17 ndo ina stori. Nilikuwa nimeunga betri ya nne kwa ajili ya kujaribu kitu kwenye boliti, nikasahau kuitoa. Bluu ya anga ikatokea mbele yangu na nikabaki naiangalia kama mtu anayeangalia basi likiondoka. Hii hairudi. Kuna watu wanafuta kwa asidi yenye floridi, ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kutolea kutu, na mimi hiyo siigusi nyumbani, inapenya ngozi kimya kimya unaisikia imeshafika ndani kwenye mfupa. Nimetumia msasa, namba 400 afu 800 afu sponji ya kijani ya kusugulia sufuria ili ifanane na mng'ao wa wenzake. Msasa wenyewe nimeupiga ndani ya maji, vumbi la titaniamu likiwa kavu na laini linashika moto, na maji yanakuondolea mawazo hayo. Dakika 40 kwa nati moja, pembe sita pamoja na ule mkunjo wa chini. Nimeirudisha kwenye betri 3 na leo hii ukinipangia zote mezani siwezi kukuonyesha ni ipi. Labda hii, ina mikwaruzo inaelekea upande mwingine kidogo. Labda.

Siku ya 9

Nati zote 20 ziko juu ya kitambaa. Ukizitazama moja kwa moja bluu, ukiinamisha kichwa zinakimbilia zambarau, hiyo ni kawaida yake, mwanga unapita ngozi kwa mshazari. Jana zilinipa presha, mbili zilionekana zimepauka ghafla, kumbe nimezishika, mafuta ya vidole juu ya ngozi yanabadilisha jinsi mwanga unavyodunda. Kitambaa na spiriti, zimerudi.

Boliti za pleti namba ndo zawadi yangu. Nimetaka kichwa kiwe dhahabu na shimo la spana ndani liwe bluu. Ukianza na bluu umepotea, kwa sababu ukija kupiga volti 57 za dhahabu kila kitu kilicho majini kinapanda. Unaanza na kubwa. Nimejaza rangi ya kucha kwenye shimo la spana, nikaiacha ikauka vizuri, nikazamisha kichwa tu kwa betri 6 (nyuzi ziko hewani, klipu inashika huko, hapa hata waya wa titaniamu hauhitajiki), kichwa kikawa dhahabu. Nikatoa rangi ya kucha kwa asetoni, shimo bado kijivu. Nikarudisha kwa betri 3. Shimo likawa bluu, dhahabu haikushtuka, ngozi yake ni nene kuliko volti 28 zinavyoweza kuigusa. Mpaka kati ya rangi mbili uko kama umekatwa na wembe, isipokuwa boliti moja ambayo rangi ya kucha ilivuja kwenye ukingo na pana ka-ulimi ka bluu kamepanda juu ya dhahabu. Hiyo itakaa chini ya bampa ya nyuma.

Mdogo wangu kaulizia kama tunaweza kufanya na ncha ya ekzosi. Kufanya tunaweza, ila joto la ekzosi litaipaka rangi zake lenyewe na haliniulizi. Ziache zijichome zenyewe, zinapendeza hivyo hivyo. Kaniletea na kifuniko cha aluminiamu, nacho nimekataa, aluminiamu inataka asidi na rangi ya kuchovya, ni mradi mwingine kabisa.

Siku ya 10

Nimefunga. Kwanza nyuzi nimezipaka grisi ya kuzuia kung'ata, kiasi kidogo na kwenye nyuzi tu, kama mtengenezaji wa nati alivyoelekeza, maana titaniamu ina tabia ya kung'atana na chuma ikaganda humo humo. Toki, yaani nguvu ya kukazia, pia nimefuata ya kwake, nyuzi zenye grisi na nyuzi kavu hazikazwi sawa. Mashine ya kufungulia tairi haikaribii, imefungwa kwa mkono na spana ya toki, ndani ya soketi nimeweka plastiki nyembamba. Ngozi ya nanomita hamsini haina ubishi na soketi ya chuma, kona mbili za nati ya kwanza zimeshakatika rangi kabla sijaikumbuka hiyo plastiki.

Ile ya 17 ipo gurudumu la mbele kulia. Nimemwambia mdogo wangu aitafute, amezunguka gari mara mbili akanyoosha kidole kwenye ya nyuma kushoto, ambayo ni ile ya mapovu.

Zimebaki betri 6, nimezipima, ya chini kabisa inasoma 9.1. Kichwa cha gia ni titaniamu pia.